Kupanga Bei ya Domeni Nilijifunzia Kiboriloni

Shangazi yangu anauza mitumba katika soko la Kiboriloni, Moshi, tangu nikiwa shule ya msingi. Likizo zangu nyingi zimeishia mezani kwake, nikikunja masweta na kurudisha chenji. Belo likifunguliwa, wa kwanza kufika ni wenye maduka ya mjini. Wanachambua makoti na jinzi nzuri, na muda huo shangazi hashuki hata mia. Ikifika saa sita bei inaanza kulegea. Jioni kilichobaki kinamwagwa kwenye turubai, mia tano mia tano.

Nilidhani ni mazoea ya soko tu, mpaka siku moja aliponikalisha na daftari lake. Belo lile alilinunua shilingi 350,000. Ndani mlikuwa na nguo kama mia mbili, lakini makoti sita na majaketi mawili ya kupandia mlima ndiyo yaliyorudisha zaidi ya nusu ya fedha yote. "Hizi nyingine zinanilipia nauli na ushuru wa meza," akasema. "Mimi nalisubiri koti, mwanangu. Na kila koti najua nani analitaka."

Maneno yale nilipaswa kuyakumbuka mwaka 2017, nilipoanza kununua domeni, yaani majina ya anwani za tovuti, ili niyauze. Sikuyakumbuka, na yalinigharimu.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, hapa hapa Moshi. Wateja wangu wengi ni kampuni za kupandisha wageni Kilimanjaro na za safari zilizoko Arusha, pamoja na nyumba za wageni na shule moja moja. Kila mteja mpya kitu cha kwanza ni kumtafutia jina, na kila mara nilikuta jina zuri limeshachukuliwa na mtu asiyelitumia, ukurasa umeandikwa tu kwamba linauzwa. Nikaona huko kuna biashara. Kufikia mwisho wa msimu ule nilikuwa na majina 43. Miaka miwili ikapita sijauza hata moja, na kila mwaka nalipa.

Hapo kwenye kulipa kila mwaka ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo niseme mapema. Sisi Wachaga tumekulia kwenye kihamba. Babu kakuachia, migomba ipo, kahawa ipo, hakuna anayekuja kila Januari kukudai ili uendelee kuwa mwenyewe. Domeni haiko hivyo. Hata ukiilipia miaka kumi kwa mkupuo, na kumi ndiyo mwisho kwa .com, wewe bado ni mpangaji. Septemba 2024 kampuni ya Verisign, inayoendesha .com, ilipandisha bei inayomtoza msajili, yaani kampuni inayokuuzia jina, hadi dola 10.26 kwa mwaka kwa kila jina, na msajili anaongeza cha kwake juu ndipo inakufikia wewe. Majina 43 kwa wastani wa dola 12 ni dola 516 kwa mwaka. Ukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja na laki mbili na nusu zinazotoka mfukoni bila chochote kuingia.

Na nilinunua vibaya. Nilichukua majina ya .info na mengine ya kigeni kwa sababu mwaka wa kwanza yaliuzwa dola mbili, sikusoma kwamba mwaka wa pili yanapanda hadi dola ishirini na zaidi. Nilichukua majina yenye vistari katikati. Nilichukua majina ya maneno manne yenye "kilimanjaro" ndani yake, nikiamini neno hilo peke yake linatosha. Sasa mwulize Mjerumani au Mmarekani aliandike neno Kilimanjaro bila kuangalia popote. Atakuandikia Killimanjaro, Kilamanjaro, Kilimanjiro. Jina ambalo mteja anakosea kuliandika linapeleka wageni kwa jirani. "Safari" halina shida hiyo, kwani neno letu hilo dunia nzima inaliandika vilevile, na ndiyo sababu majina mafupi yenye "safari" yalikwisha zamani sana.

Siku hizi kabla sijasajili jina lolote nalipeleka stendi. Nasimama stendi ya mabasi ya Moshi, katikati ya wapiga debe na honi, nampigia binamu yangu simu, nalitamka jina mara moja tu, namwambia aniandikie WhatsApp alichosikia. Akikosea herufi, sinunui. Hiyo ndiyo hali halisi ambayo jina litatumika: mpagazi anamtajia mgeni, mgeni anamtajia rafiki yake kwenye simu, dereva anamsomea mtu ubavuni mwa gari.

Mauzo yangu ya kwanza yalitoka kwa mtu niliyekuwa namfahamu. Ilikuwa 2019. Mzee mmoja mwenye kampuni ya kupandisha wageni, ofisi yake iko mtaa mmoja nyuma ya stendi, alikuwa anatumia anwani ndefu yenye vistari viwili. Mimi nilikuwa na .com yenye jina la njia ya mlima ambayo yeye anapitisha wageni zaidi kuliko nyingine, pamoja na neno moja la Kiingereza la kupanda. Jina lenyewe silitaji, sasa ni mali yake. Kwa miaka miwili jina lile lilikuwa limekaa kwangu, likisubiri mnunuzi kutoka mbali, kumbe ofisi yake naipita kila siku.

Usiku kabla ya kwenda nilikuwa nimepanga kumwambia laki tatu. Kwangu laki tatu zilikuwa fedha nyingi kwa kitu nilichokinunua dola kumi na moja. Kisha nikakumbuka daftari la shangazi na yale makoti. Bei ya koti haikutokana na uzito wake ndani ya belo. Ilitokana na anayelitaka atalifanyia nini.

Basi nikakaa nikafanya hesabu za mzee badala ya za kwangu. Mgeni mmoja wa nchi za nje anayepanda siku saba, usiku sita akilala kwenye hema, wakati ule alikuwa anadaiwa na hifadhi dola 70 kwa siku za uhifadhi, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji. Hiyo ni 490 na 300 na 20, jumla 810. Weka VAT ya asilimia 18, inafika dola 955 na senti 80. Hapo hujamlipa mwongoza wageni, mpishi, wapagazi, chakula, gari la kufika getini, wala hoteli ya kabla na baada. Mzee mwenyewe aliwahi kunionyesha, tulipokuwa tunatengeneza fomu yake ya kuhifadhi nafasi, kwamba akimtoza mgeni vizuri anabakiwa na kama dola 250. Nikajiuliza: jina hili linaweza kumletea wageni wangapi ambao wangempotea? Sikutaka kujidanganya na mamia. Nikasema wawili tu, kwa miaka yote mitano ijayo. Wawili ni dola 500.

Nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Nimeusoma ujumbe wako. Hicho kijina unauza bei gani?"

"Milioni moja na laki nne."

Akanyamaza. Akaagiza chai. Mimi nikalitamka jina lake la sasa, na vistari vyote viwili, halafu nikalitamka jipya. Akacheka kidogo, akasema laki nane. Nikamwambia milioni moja na laki mbili, na nitamhamishia baruapepe zake zote bila kumdai. Tukamalizana pale. Nusu alinilipa palepale, nusu siku jina liliposoma kwenye akaunti yake.

Tangu siku ile napanga bei kwa namna hiyo. Namtafuta mtu mmoja, wa kweli, ambaye jina hili lingemfaa kuliko wote. Kisha najiuliza anauza nini, anabakiwa na nini kwa kila mteja, na wateja wangapi wangetosha kuirudisha bei yangu. Ikiwa simwoni mtu huyo, jina halina bei, hata liwe zuri namna gani masikioni mwangu.

Swali la wapi pa kuuza nalo linajibiwa na mtu huyohuyo. Kama jina linahusu njia ya mlima, mji wetu, kahawa yetu, au hoteli za Ngorongoro, mnunuzi wako yuko Moshi, Arusha, Karatu au Zanzibar. Huyo hapiti kwenye masoko ya domeni. Mtafute. Andika ujumbe mfupi wa heshima, mweleze jina gani unalo na kwa nini umemfikiria yeye, kisha nenda ofisini ukae naye. Kwa Arusha mimi hupanga siku mbili, nazunguka kuanzia Mnara wa Saa mpaka Njiro, na kwenye begi nina karatasi moja kwa kila kampuni, nimeandika anwani yao ya sasa na ile ninayowapelekea. Wengine wanakufukuza. Wengine wanakwambia tu wameridhika walipo. Lakini mkiwa ana kwa ana unajifunza kwa nini, na hilo soko la mtandaoni halikwambii.

Jina la maneno ya kawaida ya Kiingereza, ambalo mtu wa Toronto au Sydney angeweza kulitumia kwa biashara yake, hilo halina maana kulizungusha Njiro. Hilo lipeleke sokoni. Soko ninalolitegemea zaidi ni Afternic, lililo chini ya GoDaddy, kwa sababu moja kubwa. Ukiorodhesha jina huko kwa bei kamili na ukakubali lihamishwe papo hapo, linaonekana kwenye kurasa za wasajili wengi duniani. Mtu anaandika jina analolitaka kana kwamba anasajili jipya, anaambiwa lipo, linauzwa bei fulani, analipa hapo hapo. Hajawahi kusikia habari za Moshi wala za mimi. Sedo, ya Ujerumani, inafanya kitu kama hicho na ina wanunuzi wengi wa Ulaya. Dan.com, ambayo wengi tuliipenda kwa urahisi wake, ilinunuliwa na GoDaddy mwaka 2022 na baadaye ikaingizwa Afternic, kwa hiyo ukikuta maelekezo ya zamani yanayokutuma huko, yamepitwa. Atom, iliyokuwa ikiitwa Squadhelp, inapokea zaidi majina ya kubuni yanayofaa kuwa chapa, inayachuja yenyewe, na kamisheni yake kwa majina hayo huwa kubwa zaidi. Flippa nenda nayo kama una tovuti yenye kipato na si jina tupu.

Kamisheni isikushtue, lakini iweke ndani ya bei tangu mwanzo. Nilipoorodhesha Afternic mara ya mwisho walichukua asilimia 15 ikiwa jina limeelekezwa kwenye seva zao, yaani anayelifungua anakuta ukurasa wao wa kuuza, na 25 kama halijaelekezwa. Dalali wa viwanja wa Njiro naye anataka asilimia 10, na hela ya kukuonyesha anaidai kabla hujaona hata jiwe la mpaka. Tofauti ni kwamba soko linamleta mnunuzi ambaye mimi nisingemfikia kamwe.

Minada ni habari nyingine. Jina ukilipeleka mnadani bila bei ya chini, wanaokuja ni wafanyabiashara wenzako, na wao wananunua ili wauze. Hiyo ni bei ya jumla, kama wenye maduka wanaomzunguka shangazi asubuhi. Jina ambalo mtumiaji angelipa dola elfu mbili, nimeona likiondoka mnadani kwa dola mia na kidogo. Nenda mnadani pale tu unapotaka kufunga hesabu za jina.

Domeni niliyouza kupitia soko mwaka 2022 ilikuwa ya maneno mawili ya Kiingereza yanayohusu kahawa. Nilipotaka kuipa bei niliingia NameBio, hifadhi ya kumbukumbu za mauzo yaliyotangazwa, nikatafuta majina ya kahawa ya maneno mawili yenye .com peke yake. Mengi yalikuwa yameuzwa kati ya dola mia kadhaa na elfu tatu. Nikaweka 1,495. Ilikaa miaka mitatu bila hata swali moja. Rafiki yangu akawa ananiambia niishushe mpaka 200, na mara mbili nilikaribia kufanya hivyo. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimeona wachoma kahawa wadogo wadogo wanavyoongezeka ulaya na Marekani, na kwa mtu anayefungua duka dola 1,495 ni sehemu ndogo ya bei ya mashine moja ya kuchoma kahawa. Siku moja asubuhi nikakuta ujumbe kwamba imeuzwa. Baada ya kamisheni ya wakati huo, asilimia 20, nilibakiwa na dola 1,196, na tangu niisajili nilikuwa nimeilipia kama dola 45.

Hela yenyewe kuifikisha Moshi nako kuna kazi. PayPal kwetu imekuwa ya kutuma na si ya kupokea, kwa hiyo usimwahidi mtu kwamba utapokea huko. Mimi natumia uhamisho wa benki au Payoneer. Masoko ya Marekani yatakutaka ujaze fomu iitwayo W-8BEN kuonyesha kwamba wewe si mlipakodi wa kule. Ijaze siku unapofungua akaunti, usingoje mauzo. Kipato chenyewe kiingize kwenye hesabu zako za TRA kama kipato kingine chochote.

Kuna namba zinazowapoteza watu, na nataka kuzisema kwa sababu zilinipoteza na mimi. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Chat.com ilinunuliwa dola milioni 15.5 mwaka 2023 na baadaye ikaishia kwa OpenAI. Ni kweli tupu, na hazina uhusiano wowote na jina lako la maneno matatu. Halafu kuna mashine za kukadiria bei, GoDaddy wanayo na Estibot nayo ipo. Mashine inahesabu herufi, inalinganisha na mauzo ya zamani, inakupa tarakimu. Haijui kwamba kuna mzee nyuma ya stendi ya Moshi mwenye vistari viwili. Majina yangu mawili iliyoyapa bei kubwa zaidi sijapata hata ofa yake moja hadi leo. Mimi huiangalia ili nione kama nimesahau kitu, basi.

Na ukipokea baruapepe kwamba kuna mtu anataka jina lako kwa dola elfu nane, ila kwanza ununue cheti cha tathmini kutoka tovuti anayokutajia, ifute. Mnunuzi hayupo. Biashara yake ni kile cheti.

Wenye uzoefu mrefu husema kwamba katika majina mia mazuri, huuzwa moja au mawili kwa mwaka. Kwangu imekuwa karibu na hapo. Tuseme una majina 100 kwa dola 11: unatoa 1,100 kila mwaka. Ukiuza moja tu kwa 1,000, na soko likachukua 200, umepata hasara ya dola 300 huku ukishangilia. Kwa hiyo ama bei zako zipande kulingana na mnunuzi, ama majina yapungue. Mimi niliyapunguza. Kutoka 43 sasa nina 19, na mwaka niliopunguza ndio wa kwanza hesabu zangu kukaa sawa.

Nilishaibiwa pia. Kijana mmoja, tulikubaliana kwa simu shilingi laki tano kwa .com ya mambo ya picha za safari. Akanitumia ujumbe wa muamala, jina la mtandao juu, namba ya kumbukumbu, kila kitu mahali pake. Nilikuwa njiani kwenda Tengeru, nikamtumia ile namba ya siri ya kuhamisha jina. Jioni naangalia salio, hakuna kilichoingia. Msajili wangu alikuwa amenitumia baruapepe kwamba uhamisho umeombwa na kwamba ninaweza kuukataa ndani ya siku tano. Ile barua niliiona baada ya wiki. Jina lilikuwa limeshaondoka, na kwa kuwa namba ilitoka mikononi mwangu, sikuwa na pa kushika.

Nilikosa usingizi siku kadhaa. Sasa kwa mnunuzi wa hapa naangalia salio, siangalii ujumbe, na jina namhamishia kutoka akaunti yangu kwenda akaunti yake kwa msajili yuleyule, tukiwa wote tumekaa mezani. Kwa mnunuzi wa mbali asiyepitia sokoni natumia Escrow.com. Anaweka fedha kwao, wao wananiambia zimefika, nahamisha jina, anathibitisha, wananilipa. Kumbuka pia kwamba .com iliyosajiliwa au kuhamishwa karibuni huwa imefungwa kuhama msajili kwa siku 60. Mwambie mnunuzi hilo mapema, asije akadhani unamzungusha.

Kuna biashara moja katika shughuli hii ambayo siifanyi, na ninawaomba wanaoanza wasiifanye.

Mama mmoja wa Marangu ana nyumba ya wageni. Jina lake la intaneti alikuwa nalo tangu 2009, limeandikwa kwenye kibao barabarani, kwenye kadi, kwenye vitabu vya wageni waliorudi kwao. Aliyemtengenezea tovuti alilisajili kwa jina lake mwenyewe na baruapepe yake mwenyewe, kisha akahamia Dar. Kadi yake ya malipo ikaisha muda. Barua za kukumbusha zikawa zinakwenda kwenye baruapepe asiyoifungua tena. Jina la .com likiisha muda halipotei siku hiyohiyo. Kwanza kuna siku kadhaa, kwa wasajili wengi hufika mwezi na zaidi, ambazo unalipa ada ya kawaida na mambo yanaendelea. Zikiisha, kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini. Halafu siku tano za mwisho ambazo hakuna anayeweza kuligusa, na baada ya hapo liko wazi kwa yeyote. Miezi miwili na nusu yote hiyo mama hakuambiwa na mtu. Aligundua mgeni wake alipompigia simu kuuliza kwa nini tovuti yake ina matangazo ya kamari.

Aliyelidaka alitaka dola 3,500. Mama aliniletea ile barua imechapishwa, ameikunja mara nne, akaniuliza, "Baba, mtu anaweza kweli kuniuzia jina langu?" Nilimweleza kuhusu njia ya malalamiko ya kimataifa, UDRP, ambapo ni lazima uthibitishe mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yako ya biashara, kwamba aliyelishika hana haki nalo, na kwamba alilisajili na analitumia kwa nia mbaya. Ada ya WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu linalosikiliza malalamiko hayo, kwa msuluhishi mmoja ni dola 1,500, na hapo bado hujamlipa wakili. Hakuwa na fedha hizo, na alama yake hakuwahi kuisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Akaanza upya na jina jingine. Kile kibao cha barabarani alikipaka rangi mwenyewe.

Kwa hiyo kabla sijanunua jina lililoachwa, natafuta BRELA, natafuta kwenye ramani, natazama kumbukumbu za zamani za tovuti kwenye archive.org. Nikikuta kuna mtu alikuwa akilitumia na bado anafanya kazi, nampigia. Mara moja nililidaka jina la nyumba ya wageni ya Arusha kabla wengine hawajaliona, nikawarudishia kwa shilingi 28,000 nilizolipa. Na kwa wateja wangu wote, domeni inasajiliwa kwa jina la mteja, baruapepe ya mteja, na nywila anaiandika yeye mwenyewe kwenye daftari lake. Kama wewe una tovuti na hujui domeni yako iko kwa jina la nani, ulizia leo.

Majina yetu ya .tz ni soko dogo, lakini nalipenda kuliko mengine. Chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuna .co.tz kwa biashara, .or.tz kwa mashirika, .sc.tz kwa shule na mengine kadhaa. Kwa mwaka unalipa shilingi elfu ishirini na kitu tu, na mnunuzi ni Mtanzania mwenzako. Bei yake weka kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni kwa mauzo ya hapa nchini, na hata zisingekataza, mtu wa Mbuyuni ukimtajia dola anafunga masikio.

Nilikuwa na jina la Kiswahili la kahawa, fupi, lenye .co.tz. Nililiandikia laki sita. Kikundi cha akina mama wa Uru wanaochoma kahawa yao wenyewe wakanitafuta, na mweka hazina wao akaja na daftari, kama la shangazi kabisa. Pakiti ya gramu 250 wanabakiwa na shilingi 1,500. Laki sita ni pakiti 400, mauzo yao ya miezi mingi. Tukahesabu pamoja pakiti ngapi zaidi wangeuza kama hoteli za mjini zingeweza kuwaagizia kwenye tovuti. Yeye alisema mia kwa mwaka wa kwanza, na niliona hasemi uongo. Mia mara 1,500 ni 150,000. Tukaandikiana 150,000 kwa mafungu matatu, elfu hamsini kila mwezi, jina libaki kwangu mpaka la mwisho. Masoko makubwa nayo yanauza kwa mafungu namna hiyo. Akina mama wale walimaliza kabla ya mwezi wa tatu kwisha.

Septemba majina yangu saba yanaisha muda. Jana usiku nimeyaandika kwenye karatasi, na mbele ya kila moja nikajaribu kuandika mtu au kampuni ambayo ingelihitaji, kwa jina na mtaa. Matano yamebaki wazi, nimeyazimia malipo ya kujirudia. Mawili yana watu. Mmoja yuko Usa River, na Alhamisi napanda basi la saa moja asubuhi.